Bunduki kongwe za kijeshi: zinanunuliwa na nani, na kwa nini hazipiti Kobero kama vyuma chakavu

Na Mwandishi Wetu, Gitega

Fundi mmoja wa kuchomelea vyuma katika mtaa wa Magarama, hapa Gitega, aliniita karakanani kwake siku moja na kunionyesha kitu alichokikuta ndani ya gunia la vyuma chakavu. Gunia lilitoka upande wa Muyinga na alilinunua kwa kilo, kama anavyonunua siku zote. Ndani yake, katikati ya boliti, spoku za baiskeli na vipande vya jembe, kulikuwa na chuma kirefu kama kiganja na nusu, kilichotobolewa katikati, kikiwa na mdomo wazi upande wa juu. Pembeni yake kulikuwa na kipande cha duara chenye mkono uliopinda. Vyote vimeshika kutu.

"Muzee, nimeambiwa Marekani kitu hiki wanakilipa dola mia tatu. Ni kweli?" aliniuliza. Kabla sijajibu akaongeza swali la pili: je, anaweza kukipitisha Kobero pamoja na vyuma vingine?

Jibu la swali la kwanza ni ndiyo, kwa masharti ambayo tutayaeleza. La pili ni hapana, na mtu anayejaribu anaweza kupoteza gari, mtaji na uhuru wake. Makala haya ni kwa ajili ya wasomaji wetu wanaouliza maswali hayo mawili, kwa sababu wapo wengi kuliko tunavyodhani, hasa wale wanaokusanya vyuma chakavu katika njia ya Gitega, Muyinga, Kobero hadi Kabanga na Ngara.

Kitu chenyewe ni nini

Bunduki ya bolti, ile ambayo mpigaji huvuta mkono nyuma na kuusukuma mbele kila anapotaka kupiga, ina sehemu tatu kubwa: mtutu, kitako cha mbao, na katikati yake kiini cha chuma ambacho mtutu hufungwa kwa mbele na bolti huingia kwa nyuma. Kiini hicho, pamoja na bolti yake, ndicho kinachozuia mlipuko wa risasi usimrudie mpigaji usoni. Katika makala haya tutakiita bodi.

Mtutu huchakaa. Mbao huoza au kuliwa na mchwa. Bodi iliyotengenezwa vizuri hukaa miaka mia na zaidi. Hapo ndipo biashara ilipozaliwa: fundi bunduki wa Ulaya au Marekani hununua bunduki ya kijeshi iliyostaafu, hutupa mtutu na kitako, hubakiza bodi, kisha hujenga juu yake bunduki mpya ya uwindaji kwa kipimo na matakwa ya mteja.

Bodi inayotafutwa kuliko zote ni ya Mauser ya mwaka 1898. Peter Paul Mauser, fundi wa mji wa Oberndorf nchini Ujerumani, alikuwa ameboresha mtindo wake kwa karibu miaka 30 kabla jeshi la Ujerumani halijaipokea bunduki hiyo mwaka huo. Bolti yake ina meno mawili makubwa ya kufungia mbele na la tatu nyuma kama akiba. Ina matundu ya kutolea gesi iwapo ganda la risasi litapasuka. Kubwa zaidi kwa mwindaji, ina kucha ndefu inayolishika ganda mara tu linapotoka magazini na kulishikilia mpaka litolewe nje, hata kama mpigaji ameinama, amelala au anakimbia. Mtu anayesimama mbele ya nyati haombi bunduki nzuri ya kutazama, anaomba ile ambayo haitakwama.

Ndiyo maana jina la Mauser limefungamana na Afrika Mashariki. Kampuni ya John Rigby ya London ilikuwa wakala wa Mauser nchini Uingereza tangu mwishoni mwa karne ya 19 hadi 1912, na mwaka 1911 ilitoa kaliba yake maarufu ya .416 juu ya bodi kubwa ya Mauser. Mwindaji W. D. M. Bell, aliyepewa jina la Karamojo kutokana na safari zake za Karamoja, Uganda, aliua tembo zaidi ya 1,000 katika maisha yake, wengi kwa Rigby ndogo ya .275 ambayo risasi yake ni ile ile ya kijeshi ya Mauser ya milimita 7 kwa 57. Leo tungemwita jangili wa viwanda, lakini mafundi bunduki bado wanalitaja jina lake kila wanapouza.

Zilifikaje huku

Msomaji anaweza kujiuliza bodi ya namna hii inafikaje ndani ya gunia la vyuma mkoani. Eneo letu limepitiwa na majeshi mengi, na kila moja liliacha chuma chake.

Wajerumani ndio walioanzisha makao ya utawala hapa Gitega mwaka 1912, na boma lao bado linaonekana. Lakini askari wao wa Afrika Mashariki walipoingia vitani mwaka 1914, wengi hawakuwa na Mauser ya 98. Walikuwa na bunduki ya mtindo wa 1871, yenye risasi ya milimita 11 na baruti ya moshi. Kila risasi ilitoa wingu jeupe lililomwonyesha adui askari alipojificha. Hali ilibadilika polepole. Baada ya vita vya Tanga, Novemba 1914, waliokota mamia ya bunduki za Waingereza. Aprili 1915 meli ya Rubens ilifika Ghuba ya Manza, kaskazini mwa Tanga, ikiwa na bunduki mpya zipatazo 1,800, na Machi 1916 meli ya Marie ilifika Sudi, kusini.

Juni 1916 Wabelgiji waliingia Gitega kutoka Kongo. Hao nao walikuja na Mauser, ya kwao, ile ya mwaka 1889, iliyokuwa sababu ya kuanzishwa kwa kiwanda cha FN cha Herstal karibu na Liège. Baadaye FN walitengeneza pia mtindo wa 98 kwa wingi, wakauza duniani kote, na bodi zao za kibiashara zinahesabika miongoni mwa nzuri kabisa.

Jambo moja huwa linanichekesha. Jenerali von Lettow-Vorbeck aliposalimisha silaha huko Abercorn, leo Mbala nchini Zambia, Novemba 25, 1918, bunduki 1,071 zilizowekwa chini zilikuwa za Kiingereza na za Kireno. Za Kijerumani zilikwisha kuharibika, kuzikwa, kutupwa mtoni au kubaki kwa watu njiani. Bunduki nyingine zilihama mikono kimya kimya: kutoka kwa askari kwenda kwa mtumishi, kwa mtoto wake, kwa mwindaji wa kijiji, na mwisho kwa fundi wa kienyeji aliyechukua vipande na kutengeneza gobore. Hapa Burundi silaha hizo za kienyeji huitwa mugobore, na zilitumika sana katika miaka ya vita baada ya 1993.

Kwa hiyo kipande cha fundi wa Magarama kingeweza kuwa na zaidi ya asili moja. Juu ya bodi za Kijerumani mara nyingi hupigwa jina la kiwanda na mwaka. Kwenye hiki kutu ilikuwa imekula maandishi, isipokuwa tarakimu mbili za mwisho za namba ubavuni. Ziangalie tarakimu hizo kwa makini, tutazirudia.

Soko la ng'ambo lilivyojengwa

Baada ya Vita Kuu ya Pili, mataifa mengi yalikuwa na maghala yaliyojaa bunduki za bolti ambazo hayakuzihitaji tena, kwa sababu majeshi yalikuwa yanahamia kwenye silaha za kujiendesha zenyewe. Kwa lugha ya uchumi, ugavi ulikuwa mkubwa na mahitaji ya kijeshi yalikuwa karibu na sifuri. Bei ikaanguka. Mmarekani Samuel Cummings aliliona hilo mapema. Mwaka 1953 alianzisha kampuni iliyokuja kujulikana kama Interarms, akazunguka dunia kununua maghala mazima na kuyauza kwa wawindaji wa Marekani kwa njia ya matangazo ya magazeti na posta.

Ili kupata picha ya bei za wakati ule, bunduki ya Kiitaliano ya Carcano iliyotumika kumuua Rais John Kennedy mwaka 1963 iliagizwa kwa posta kwa dola 19.95 pamoja na darubini yake, na dola moja na nusu ya usafiri. Mauaji hayo, na mengine yaliyofuata, yalizaa sheria ya 1968 iliyofunga mlango wa kuingiza bunduki za ziada za kijeshi Marekani. Mlango ulifunguliwa tena kwa sehemu mwaka 1984, kwa silaha zinazohesabika kuwa za kihistoria. Sheria hiyo ya 1968 ina kipengele kingine ambacho wengi wa huku hawakijui: kwa Marekani, bodi pekee ndiyo bunduki. Mtutu unaweza kuuzwa dukani kama kipuri, lakini bodi tupu, hata isiyo na bolti wala kitako, ni silaha kamili kisheria.

Kwa kanda yetu mfano wa karibu ni Ethiopia. Kuanzia miaka ya mwisho ya 2010 shehena kubwa ya bunduki kongwe kutoka maghala ya nchi hiyo ilifika Marekani kupitia mwagizaji mwenye leseni. Ndani yake mlikuwa na historia nzima ya Ethiopia: Mauser za FN, Carcano na Vetterli za Waitaliano walioivamia nchi hiyo, na Lee-Enfield za Waingereza waliokuja kuwatoa. Nyingi zilikuwa na kutu, mbao zilizopasuka na bolti zisizolingana na bodi. Ziliuzwa hata hivyo, nyingine kama vitu vya kukusanya, nyingine kama vipuri.

Tofauti kati ya shehena ile na gunia la Magarama si ubora wa chuma, kwa kuwa nyingine zilikuwa mbaya kuliko hiki nilichoonyeshwa. Ile ilikuwa na muuzaji anayetambulika, kibali cha kutoka, mwagizaji mwenye leseni na kibali cha kuingia. Dola mia tatu anazosikia fundi wetu ni bei ya bodi yenye karatasi. Bila karatasi bei yake halali ni sifuri, na bei yake haramu ni ile anayotaka kulipa mtu ambaye hungependa kufanya naye biashara.

Je, hesabu inalipa?

Tuchukue kwamba msomaji anaishi mahali ambapo biashara hii ni halali, tuseme Mtanzania aliyeko Marekani au Ujerumani mwenye leseni ya uwindaji. Anunue?

Tupige hesabu ya mfano tu. Bodi nzuri ya Mauser dola 400. Mtutu mpya dola 350. Kitako cha mbao ya kawaida dola 300. Kifyatuo kipya, kizuizi cha usalama kinachopisha darubini, na vishikizo vya darubini, dola 350. Hapo tumefika dola 1,400 na fundi hajashika tupa. Kazi ya fundi mwenye jina, yaani kunyoosha uso wa bodi, kufunga mtutu, kukunja upya mkono wa bolti, kutoboa matundu ya darubini, kulaza chuma ndani ya mbao na kupaka rangi ya kuzuia kutu, inaweza kuzidi jumla hiyo yote. Wakati huo huo kiwanda cha Zastava cha Kragujevac, Serbia, kinatengeneza bunduki mpya ya M70 kwa mtindo ule ule wa Mauser, ikiwa na dhamana, kwa bei ambayo ni sehemu tu ya gharama hiyo.

Hesabu hiyo inaonyesha kwamba bodi ni sehemu ndogo ya gharama, na anayefikiri ameokoa pesa kwa kununua bodi ya bei nafuu amepunguza mahali padogo kuliko pote. Mwaka 1960 mambo yalikuwa kinyume. Mshahara wa fundi ulikuwa mdogo na bunduki nzima ya kijeshi ilipatikana kwa bei ya viatu. Leo bodi nzuri zimeadimika na saa ya fundi imepanda. Wanaoendelea kufanya kazi hii wanafanya kwa mapenzi, au kwa sababu wanataka kitu ambacho kiwanda hakitengenezi. Katikati ya miaka ya 2010 kampuni ya Mauser yenyewe, sasa ikiwa Isny, ilirudi kutengeneza M98 mpya kwa wateja wenye fedha nyingi, na Rigby wakarudi kuzitumia. Kama bodi za zamani zingetosha, nadhani wasingejisumbua.

Pale bei nafuu inapokuwa hatari

Si kila Mauser ni ya 98. Mitindo ya 1893, 1895 na 1896, iliyouzwa Hispania, Amerika Kusini na Sweden, ina meno mawili tu ya kufungia na haina ulinzi ule wa gesi. Ilitengenezwa kwa ajili ya risasi za msukumo mdogo. Muuzaji asiye mwaminifu, au asiyejua, huiita yote Mauser. Ile ya Wabelgiji ya 1889 nayo ina magazini inayochomoza chini na haifai kwa kazi hizi.

Chuma chenyewe pia kina siri. Bodi nyingi za Mauser zilitengenezwa kwa chuma laini kilichogandishwa ugumu juu juu, kama mkate wenye ganda gumu. Ganda likisagwa na fundi mwenye haraka, au likipashwa moto mkali, meno ya bolti huanza kutafuna ukuta wa bodi kila risasi inapopigwa. Nafasi kati ya uso wa bolti na kitako cha ganda inaongezeka kidogo kidogo, mpaka siku ganda linapopasuka. Kutu iliyochimba vishimo chini ya mstari wa mbao haionekani mpaka bunduki ivunjwe yote. Bodi iliyopita kwenye moto wa nyumba au wa kuchoma silaha imekufa hata kama inang'aa. Ukikuta springi imelegea na rangi ya chuma imekuwa ya kijivu sawasawa pote, usiulize bei.

Mitindo mingine ina mikasa yake. Springfield ya Marekani ya 1903 zenye namba chini ya 800,000 zinajulikana kwa bodi zilizopashwa moto kupita kiasi na kuwa tete kama kioo, kwa kuwa mafundi wa wakati ule walipima joto la tanuri kwa macho. M1917 ya kiwanda cha Eddystone ni kubwa na imara, na imebeba hata kaliba za tembo, lakini mitutu yake ya kwanza ilikazwa kwa nguvu nyingi mno na baadhi ya bodi hupasuka wakati wa kuifungua. Lee-Enfield, ambayo wazee wengi wa Kenya, Uganda na Tanzania waliibeba katika KAR, ni ya haraka na haikwami kwa vumbi, ila bolti yake hufungia nyuma na haipendi risasi zenye msukumo mkubwa.

Sasa zile tarakimu mbili. Kiwandani bolti na bodi zilipewa namba moja kwa sababu zilisagwa pamoja mpaka zikashikana. Maghalani na vitani zilichanganywa. Bolti ya bunduki nyingine inaweza kuingia na kufunga bila shida na bado ikaacha nafasi isiyo salama. Kwa kipande cha Magarama, tarakimu za bodi na za bolti hazikulingana. Hata kwa mnunuzi halali wa ng'ambo, hilo pekee lingeshusha bei.

Ndiyo sababu Ulaya ina nyumba za majaribio, ambako bunduki iliyojengwa upya hupigwa risasi yenye msukumo kuliko wa kawaida kabla ya kugongwa muhuri na kuuzwa. Ya Liège ni ya tangu 1672. Anayenunua bunduki iliyojengwa juu ya bodi kongwe aulize muhuri huo kwanza, hadithi za muuzaji baadaye.

Sheria za upande wetu

Hapa ndipo msomaji wa Muyinga au Ngara anapaswa kusoma taratibu.

Itifaki ya Nairobi ya kudhibiti silaha ndogo ilisainiwa Aprili 21, 2004 na kuanza kutumika Mei 2006. Burundi, Rwanda, Tanzania, Kenya, Uganda na Kongo ni miongoni mwa nchi zilizoisaini, na makao ya kituo cha kanda kinachoisimamia, RECSA, yako Nairobi. Itifaki inazitaka serikali kupiga marufuku kabisa raia kumiliki silaha za kujiendesha na nusu kujiendesha. Bunduki ya bolti haimo katika marufuku hiyo, lakini haina uhuru pia: lazima iwe na leseni, isajiliwe, na igongwe alama ya nchi na mwaka wa kuingizwa. Kuhusu silaha za ziada za serikali, itifaki inazungumzia ukusanyaji, uhifadhi salama na uharibifu. Kwa maneno mengine, njia ya Interarms haipo katika sera ya kanda yetu. Novemba 2016 Kenya ilichoma moto silaha 5,250 hadharani. Hapa Burundi, mwishoni mwa miaka ya 2000, Tume ya kuwapokonya raia silaha ikisaidiwa na shirika la MAG ilikusanya na kukatakata silaha, na mwaka 2009 wananchi waliosalimisha walipewa vitu kama mabati na saruji.

Mtaalamu wa mkahawani atakwambia: hiki ni kitu cha kale, sheria haikigusi. Si kweli. Itifaki inaruhusu kila nchi kueleza silaha ya kale ni ipi, lakini kwa vyovyote vile silaha iliyotengenezwa baada ya mwaka 1899 haihesabiki. Mauser za 98 karibu zote zimetengenezwa baada ya hapo. Mwingine atasema: hii si bunduki, ni kipande. Nalo si kweli. Itifaki ya Umoja wa Mataifa kuhusu silaha, iliyopitishwa Mei 31, 2001 na kuanza kutumika Julai 2005, inataja wazi kwamba mtutu, bodi na bolti ni sehemu za silaha zinazodhibitiwa.

Nchini Burundi, sheria Na. 1/14 ya Agosti 28, 2009 ndiyo inayotawala silaha ndogo, na hakuna raia anayeruhusiwa kumiliki, kununua wala kuingiza silaha bila kibali cha mamlaka. Tanzania ina sheria ya 2015 ya udhibiti wa silaha na risasi, iliyochukua nafasi ya ile ya 1991. Anayevuka Kobero kwenda Kabanga anatoka mikononi mwa moja na kuingia katika nyingine ndani ya dakika chache.

Forodha nayo ina lugha yake. Burundi inatumia Sheria ya Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya 2004 tangu ilipoingia katika umoja wa forodha mwaka 2009. Katika jedwali la pili la sheria hiyo, silaha na risasi za Sura ya 93 zimo katika orodha ya bidhaa zenye masharti, yaani haziingii bila kibali maalumu. Ndani ya sura hiyo, namba 9305 ni ya sehemu na vipuri vya silaha. Vyuma chakavu ni namba 7204. Mtu akiandika 7204 kwenye karatasi na ndani ya mzigo kuna kitu cha 9305, haitahesabiwa kuwa kosa la kalamu. Ni tamko la uongo juu ya bidhaa yenye masharti, mzigo wote unaweza kutaifishwa pamoja na gari, na kesi ya silaha ikafunguliwa kando. Wakala wa forodha aliyejaza karatasi hizo naye hasalimiki.

Wenye leseni nchini Tanzania, ambako uwindaji wa kitalii unaendelea, wapo wanaomiliki bunduki za zamani zilizojengwa juu ya Mauser, na wageni huingia nazo kwa kibali cha muda. Kenya ilifunga uwindaji Mei 1977, na maduka kama Shaw & Hunter la Nairobi, lililojulikana na kila mwindaji wa enzi zile, yalipoteza wateja wake wakubwa. Burundi haina soko hilo. Hifadhi ya Ruvubu, inayogusa Muyinga, ni mahali pa kulinda wanyama, na bunduki ya bolti iliyookotwa jirani nayo haitamfikirisha askari juu ya historia ya Mauser.

Ukikikuta kwenye gunia

Wanunuzi wa vyuma chakavu wapo katika hatari ambayo hawakuitafuta. Gunia linafika limefungwa, linapimwa, linalipwa. Ushauri niliopewa na wakala mmoja mkongwe wa forodha wa Muyinga ni kumwaga kila gunia chini mbele ya muuzaji kabla ya kulipa, na kuandika jina lake na alikotoka. Ukiona kipande cha silaha, usikikate. Wengi hukimbilia msumeno wakidhani wanaharibu ushahidi wa hatari, kumbe wanaharibu namba ambayo ingeonyesha kwamba kitu hicho hakikutoka kwao. Usijaribu kuvuta bolti, kwa sababu kutu inaweza kuwa imeshikilia risasi ndani. Na usikibebe mwenyewe barabarani. Mwite mkuu wa mtaa aje akione kilipo, kisha polisi waje kukichukua, na omba karatasi ya makabidhiano yenye tarehe.

Fundi wa Magarama alifanya hivyo, baada ya siku mbili za kusitasita. Mkuu wa mtaa alikuja, polisi wawili wakafuata, wakamuuliza maswali kwa saa nzima na kuandika jina la aliyemuuzia gunia. Karatasi alipewa. Fedha hakupewa, na hakuna aliyemuahidi. Nilipopita tena karakanani, gunia lilikuwa bado pembeni, alikuwa anatengeneza mlango wa geti, na ile karatasi ameibandika ukutani juu ya mashine ya kuchomelea, ndani ya mfuko wa plastiki ili isiungue kwa cheche.